Mgonjwa ni mimi, aliyeambiwa ni Baba mdogo

Siku majibu yangu yalipotoka nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, natafuna karanga za mia mbili. Muuguzi akatoka, akatuangalia wote wawili, akamwambia Baba mdogo, "Mzee, wewe ndiye ndugu yake? Karibu ndani." Na mimi nikainuka. Akanionyesha kiganja: nisubiri kidogo. Nikakaa.

Nilikuwa na miaka 25. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimeshusha mzigo wa kilo 20 kutoka kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, hadi geti la Mweka, na hakuna mtu aliyempigia Baba mdogo kumuuliza kama naweza.

Alikaa ndani muda wa kutosha mimi kumaliza karanga na kulikunja gazeti lake mara nne. Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, kofia haimtoki kichwani mpaka aingie kanisani. Akasema, "Twende tukanywe chai." Tukaenda. Aliagiza chai mbili na chapati mbili, yake hakuigusa, na njia nzima kwenye daladala alinisimulia bei ya mahindi. Nilipomuuliza daktari kasemaje, akajibu kuna barua ya kupeleka hospitali kubwa, tutaipeleka Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jina la hospitali iliyotupa majibu silitaji, na naomba msinitumie meseji kuuliza. Nimeshaongea na wagonjwa wenzangu wengi wa Moshi na Arusha, na wengi wana Baba mdogo wao aliyeitwa ndani.

Nianze mwanzo. Nilikuwa mgumu. Kwa asiyejua, wagumu ni sisi wapagazi wa Kilimanjaro, ndivyo tunavyoitana na ndivyo waongozaji wanavyotuita. Mizigo inapimwa kwenye mzani getini, kilo 20 za kampuni na juu yake begi lako mwenyewe, halafu unapanda mbele ya mgeni ili akifika kambini akute hema limesimama na maji yamechemka. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka 19. Jina lenyewe linakuingia. Mgumu haumwi, mgumu anachoka tu.

Ilikuwa msimu wa 2019, mwezi wa saba, nilipogusa kitu juu ya mfupa wa bega la kushoto, pale shingo inapoanzia. Kigumu kama kokwa ya parachichi dogo, ila hakiumi. Nikajua ni mkanda wa begi. Wenzangu nao wakajua ni mkanda wa begi. Mwezi uliofuata, kambi ya Barranco, niliamka usiku nimelowa. Nje barafu imeganda juu ya mahema, wenzangu watatu wamejikunyata kama vifaranga, mimi fulana inakamulika. Mmoja akanitania kwamba nimeota naoga kwenye chemchemi za Chemka. Tukacheka. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na ngozi ilikuwa inaniwasha miguuni usiku, muwasho usio na kipele.

Halafu ikaja mbege, pombe yetu ya ndizi. Hii nawasimulia kwa sababu hata daktari alipoisikia aliweka kalamu chini. Tulikuwa kwenye kipaimara cha binamu yangu Kibosho, nikapokea kata kama watu wote. Sijafika nusu, shingo ikaanza kuuma, maumivu ya kuunguza pale pale kwenye uvimbe, kama mtu kabandika pasi. Nikaweka kata chini. Baada ya saa moja yakaisha. Siku nyingine nikajaribu bia, ikawa vile vile. Basi pale nyumbani kikao kikakaa bila mimi (ndiyo, hata hicho) na likapatikana jibu: kuna mtu kaniwekea kitu kwenye mbege. Jina la mtu mwenyewe nalo likapatikana. Shangazi, ambaye mwaka 2011 alipanga foleni siku mbili Samunge kunywa kikombe cha Babu wa Loliondo cha shilingi mia tano, alisikitika kwamba siku hizi hakuna tena watu wa namna ile.

Kumbe ni dalili inayojulikana. Haiwapati wengi, ila wachache wenye ugonjwa wangu, wakinywa pombe ya aina yoyote, tezi zilizovimba huuma. Yule jirani aliyetajwa hana habari mpaka leo kwamba alishtakiwa, akahukumiwa, na akaja kuachiwa huru na kipimo cha kinyama kilichokatwa shingoni kwangu.

Kabla ya kipimo hicho nilitibiwa TB. Kituo kimoja cha afya mjini walinipiga picha ya kifua, wakapima makohozi, hayakuonyesha kitu, lakini tezi za shingoni, jasho la usiku na kupungua uzito kwetu huku ni TB mpaka ithibitike vingine. Siwalaumu sana. TB ya tezi ipo, ni nyingi, na dawa zake ni bure. Nilimeza vidonge vinne kila asubuhi, mkojo ukawa rangi ya Fanta, nikaambiwa ndiyo kawaida yake. Ninacholalamikia ni kwamba miezi miwili ilipita, uvimbe ukawa mitatu, na kila nikirudi naambiwa nivumilie dozi. Mama ndiye aliyekataa. Mama anauza ndizi Mbuyuni, na macho yake hupima mkungu bila kuunyanyua. Alinishika shingo kwa vidole viwili akasema, "Hii imekua. Dawa gani inalisha ugonjwa?" Tukaenda kukatwa kinyama.

Turudi kwenye ile Ijumaa. Barua ya rufaa ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, Baba mdogo akaiweka juu ya kabati, chini ya Biblia, kana kwamba mimi sifiki pale. Jumamosi usiku umeme ulikatika. Niliichukua, nikaingia nayo choo cha nje, nikaifungua kwa ukucha. Kwa tochi ya simu nilisoma Kiingereza cha daktari mistari sita. Neno moja sikuwahi kuliona maishani: Hodgkin. La pili yake, limfoma, nalo nilikuwa silijui. Nikaliandika kwenye simu nitafute. Ukurasa ukaanza kufunguka, nikasoma sentensi ya kwanza, ni saratani ya mfumo wa limfu, yaani wa hizi tezi, nikateremsha chini kidogo, na bando likaisha.

Usiku ule ndio mrefu kuliko usiku wowote nilioupandia kilele cha Kibo. Nilikuwa na nusu ya habari, na nusu yenyewe ndiyo mbaya. Nilimsikia Baba mdogo chumba cha pili anakohoa, hajalala. Tulikuwa tunalijua jambo moja, ukuta mmoja katikati yetu, kila mtu anamlinda mwenzake.

Asubuhi nikanunua bando la jero kwa mama wa genge, nikasoma iliyobaki: kwamba aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni daktari wa London, Thomas Hodgkin, mwaka 1832, kwamba unapenda vijana, umri wa miaka 15 hadi 35 hivi, halafu unarudi tena kwa waliozidi 55, kwamba haurithiwi kama shamba wala hauambukizi, kwamba wataalamu wanauhusisha na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu watu wazima wote duniani wameshavipata bila kujua. Na kwamba ni miongoni mwa saratani zinazopona zaidi zikitibiwa. Hii ya mwisho niliisoma mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya genge, mama wa genge ananiuliza kama nataka na nyanya.

Jumatatu tukapanda hospitali ya KCMC, hapa Moshi. Hospitali ile ipo tangu 1971, mimi mwenyewe nilizaliwa pale, lakini kituo chake cha saratani kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kifunguliwe mwishoni mwa 2016. Kabla ya hapo mtu wa huku akiambiwa saratani alikuwa anafikiria Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, na wengi hawakuwa na nauli hata ya kufikiria. Wenzangu walioandikiwa mionzi mwaka ule bado walipanda basi kuteremka huko.

Tulipoingia, Baba mdogo akakaa kiti cha mbele kama ilivyo desturi. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, akatazama jalada, akatutazama, akauliza, "Mgonjwa ni nani?" Nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili. Akasema, "Mzee, shikamoo. Naomba tubadilishane, kijana akae hapa karibu, wewe ukae pale, utasikia yote." Baba mdogo akahama. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyefokewa. Viti viwili tu vilibadilishana watu.

Akaniuliza najua nini. Nikamwambia: limfoma ya Hodgkin. Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia.

Alinieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Dawa nne kwa pamoja, kwenye dripu, kila baada ya wiki mbili, mara kumi na mbili. Akaniuliza kazi yangu, nilipomjibu akakaa kimya kidogo. Moja ya dawa zile, inayoitwa bleomisini, inaweza kudhuru mapafu. Akasema wataangalia kifua changu kwa karibu na wataiacha ikibidi, ila nisimdanganye kuhusu kikohozi. Nikamuuliza habari ya kupata watoto, jambo ambalo nisingethubutu kulitamka Baba mdogo akiwa kiti cha mbele. Akasema kwa mchanganyiko wangu hatari ipo lakini ni ndogo kuliko kwa dawa nyingine. Baba mdogo nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha walimu.

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini. Hakujifanya hajaelewa. Alisema, "Baba yako alipoumwa, daktari alimwambia mbele yetu. Siku ile ile aliacha kula." Nilikuwa na miaka 11 baba alipofariki, na hiyo habari sikuwahi kuisikia. Sikuwa na la kujibu. Bado naamini alikosea, na bado nikiifikiria ile kofia mkononi nashindwa kumkasirikia kwa muda mrefu.

Watu huniuliza kuhusu dripu, nami nina machache ya kusema. Doksorubisini ni nyekundu kama juisi ya rozela, muuguzi anaisukuma taratibu anakuangalia mshipa. Ukienda haja ndogo inatoka nyekundu hivyo hivyo, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nilikojoa rangi mbili za dawa, moja ya ugonjwa nisiokuwa nao. Dakabazini haitaki mwanga, mfuko wake unafunikwa, na hiyo ndiyo iliyonitapisha mpaka nikaogopa harufu ya spiriti. Mara mbili chembe nyeupe za damu zilikuwa chini, nikarudishwa nyumbani wiki nzima. Rasta zangu za miaka sita nilizikata mwenyewe kabla hazijaanza kudondoka. Chakula pekee kilichokubali kukaa tumboni ni supu ya ndizi, mtori wa Mama, ambao kwetu hupikiwa mzazi. Wajomba walinitania nimejifungua nini.

Pale wodini hapakuwa na wa rika langu. Watoto walikuja na mama zao, wazee walikuja na watoto wao. Mimi nilikuja na Mama aliyefunga biashara, na wageni wakawa wanamuuliza yeye anaumwa nini.

Bima sikuwa nayo. Mpagazi analipwa kwa safari, na bima niliiona ni ya watu wenye mkataba. Wakaunda kundi la wasapu, na hapa niseme ukweli, watu wa Moshi kwa michango hatuna mpinzani, ila tumezoea ya harusi. Harusi inapata mwenyekiti, katibu, mhazini na kamati ya vinywaji. Ugonjwa unapata mhazini peke yake. Hata hivyo walichanga. Wagumu wenzangu walinitumia sehemu ya tipu zao safari mbili mfululizo, bila kutangaza. Ng'ombe mmoja wa Bibi akauzwa, na Bibi akaambiwa ni kwa ajili ya vidonda vyangu vya tumbo.

Maana Bibi hakuambiwa. Ana presha, walisema, ataanguka. Nami nikakubali. Na mchumba wangu nilimwambia mwenyewe ni TB tu, nikaongeza na "inaisha". Alikuja kujua ukweli kutoka kwa dada wa rafiki yake anayefanya usafi pale hospitali. Alinifuata Pasua, chumbani kwangu, hakukaa. Aliuliza swali moja: "Kwani mimi ni mtoto?" Sikulijibu, kwa sababu lilikuwa swali langu mwenyewe, nililokuwa nalo tangu siku ya karanga. Tuliachana baadaye kwa mambo mengine, sitamsema vibaya.

Lakini lile swali lilinipandisha Kibosho, kwa Bibi. Ilikuwa mwezi wa tano, 2020. Tarehe 16 Machi, nikiwa nimeshachomwa dripu tatu, mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alikuwa ametangazwa Arusha, mlima ukakosa wageni, na mimi niliyekuwa nalia kupoteza msimu nikajikuta sina nilichopoteza peke yangu. Nilivaa barakoa mbili. Kabla ya kuingia uani nilichuma jani la isale pale mpakani. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito humwendei mikono mitupu, unaenda na isale, na aliyekosewa akiliona anajua umekuja kuomba radhi kabla hujafungua mdomo.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliliona jani, akauweka ungo chini. "Umemuua nani?" Nikamwambia sijaua. Nikamweleza yote, shingo, kinyama, dawa nyekundu. Hakuanguka. Aliniangalia muda mrefu, halafu akakasirika hasira ambayo sikuitegemea. "Miezi minne," alisema. "Miezi minne nasali rozari kwa ajili ya tumbo. Kila asubuhi, tumbo. Na maziwa mgando nimetuma, ya tumbo. Shingo nani ameiombea?"

Nilicheka, naye akanikata jicho, nikanyamaza. Kisha akalichukua lile jani mkononi mwangu, akalichomeka kwenye ukuta wa jiko, akarudi kwenye maharage yake. Jioni ile nilimsikia akisali na anataja shingo kwa jina, kwa sauti, kama mtu anayerekebisha hesabu.

Bleomisini waliniachisha njiani, kikohozi kiliporudi, na sikumdanganya daktari. Dripu ya kumi na mbili ilikuwa Agosti. Oktoba, moto ulipowaka mlimani, nilikaa uani kwa Bibi usiku, nikaangalia mstari mwekundu kule juu. Vijana wa kijiji walikuwa wamepanda kuuzima. Mimi kupanda mpaka barabarani tu nilikuwa napumzika mara mbili.

Sasa hivi nafanya kazi stoo ya kampuni moja ya utalii. Napima mizigo kabla ya safari, nashona mahema, nakagua majiko. Kifua kimerudi kiasi, nimeshafika kambi ya Mandara kama mpishi, juu zaidi sijajaribu. Wageni wakisikia habari yangu hupenda kusema nimepanda mlima mkubwa kuliko Kilimanjaro. Huwa nawajibu asante. Kilimanjaro unalipwa kuupanda.

Wiki iliyopita ilikuwa kliniki. Siku hizi naenda mara moja kwa mwaka. Nilikwenda peke yangu, nikaingia peke yangu, nikakaa kiti cha mbele. Daktari aliniminya shingo, makwapa na kinena, akasoma vipimo, akasema lake, akaandika tarehe ya mwakani kwenye kadi. Nilitoka nikakaa chini ya mti karibu na geti, nikanunua karanga. Sasa ni za mia tano. Simu ikaita: Baba mdogo. Nikaiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena, nikamenya karanga mbili tatu. Ya tatu nikapokea.

"Wamesemaje?"

"Shikamoo, Baba mdogo," nikamwambia. "Chemsha chai, nakuja kukueleza."